Mzee wa Matofali

Watoto wangu saba, na wajukuu ambao nimeacha kuwahesabu, wote wamesikia habari za Mmarekani mmoja aliyekuwa rais wa chuo kikuu huko kwao, zamani sana, kabla reli haijafika nchi hii. Wamezisikia wakikataa kuamka asubuhi. Wamezisikia wakirudi nyumbani mapema na kuniambia ati mwalimu hajafika, kwa hivyo hakuna masomo. Jina lake ndilo hawajalisikia kutoka kwangu. Nalijua, na nikifumba macho naliona herufi zake zote. Lakini mdomo wangu ulilitaja siku moja tu, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama ndani ya handaki, na tangu siku hiyo haujalitaja tena.

Mjukuu wangu mmoja, yule anayependa kuuliza, ameniambia niandike sababu. Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma kidogo, na hicho kidogo ndicho habari yenyewe. Basi naandika.

Kwetu ni Embu, juu huku karibu na Kibugu, pale msitu wa mlima unapoanzia. Siku hizi kumejaa majani chai. Wakati ule kulikuwa na mahindi, nduma na migomba, na kila boma lilikaa peke yake kwenye mgongo wake wa kilima. Ilipokuja Imajensi, ile hali ya hatari wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya Waingereza ikaamuru watu wote washuke wakae kijiji kimoja, nyumba zikigusana, ili asiwepo wa kuwapelekea chakula waliokuwa msituni. Baba alikuwa ameshachukuliwa kwenda kizuizini, na hatukuambiwa ni wapi. Nyumba yetu ilichomwa tukiwa tumesimama tunaitazama. Mama alibeba chungu na panga. Nyanya, mama yake baba, alibeba jembe na kigoda chake. Mimi nilibeba kiondo cha maharagwe, na ndani ya maharagwe nilikuwa nimeficha kitabu.

Kusema kitabu ni kukipa heshima. Shule yetu, ambayo wazee wa kwetu waliijenga kwa mikono yao, serikali ilikuwa imeifunga. Siku ya mwisho mwalimu alitugawia vitabu vilivyobaki, mimi nikapata kimoja cha Kiswahili chenye maisha ya watu mashuhuri. Kilikuwa hakina jalada. Mvua na panya walikuwa wamekula hao watu mashuhuri wote wakamwacha mmoja, karatasi kumi na mbili tu. Angebaki mfalme ningesoma habari za mfalme. Alibaki huyu.

Tulipokwisha kukaa kijijini, tukaambiwa tuchimbe handaki kandokando ya msitu. Lilikuwa pana kiasi mtu hawezi kuliruka, na refu kwenda chini kiasi mwanamume akisimama ndani huoni kofia yake. Waliochimba ni wanawake, kwa sababu wanaume wengi hawakuwepo. Tulitoka kijijini jua likichomoza, homgadi, wale askari wa serikali waliolinda kijiji, mbele na nyuma. Mnyapara alikuwa na fimbo iliyokatwa kwa kipimo. Aliilaza chini mara tatu, akachora mstari, akasema, "Hapa ni pako." Hicho ndicho kilikuwa kipimo chako cha siku. Usipokimaliza hurudi kupika. Mimi kwa miaka yangu ningehesabiwa mtoto, lakini nilikuwa mrefu, nikapewa kipimo cha mtu mzima.

Nilichimba hivyo mwaka mzima. Sitaki kueleza sana. Mikono ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena, halafu ikaacha kupasuka.

Siku moja mama alirudi kutoka mtoni na habari. Shule ya misheni, ng'ambo ya mto, ingefunguliwa tena na darasa la nne. Mwalimu angekuja kijijini kwetu baada ya mavuno ya maharagwe kuwapima watoto waliowahi kusoma. Atakayeonekana bado anaweza kusoma atapewa pasi ya kutoka kijijini kila asubuhi kwenda shule. Atakayeonekana amesahau atabaki handakini. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la tatu shule ilipofungwa. Mama aliniita, akanionyesha maandishi kwenye gunia la unga, akaniambia, "Soma."

Nilisoma neno la kwanza. La pili nikalizunguka. La tatu nikakwama.

Mama hakunigombeza, na ndipo nilipoogopa kweli. Alikunja lile gunia polepole, akaenda kuchochea moto.

Kesho yake, tukiwa ndani ya handaki, mnyapara akiwa upande wa mbali, mama alisimamisha jembe. Mstari wetu ulikuwa wa wanawake kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili. Alisema, "Huyu wangu ameanza kusahau kusoma. Bado miezi miwili mwalimu aje. Naomba kipimo chake tukigawane, asome."

Kulikuwa na mama mmoja mrefu, jirani yetu, mwenye ulimi mkali kuliko panga. Akauliza, "Na wangu je? Wangu hajawahi kuona mlango wa shule. Mimi nichimbe ili wako awe karani?"

"Wako atafundishwa na wangu. Hapa hapa."

"Kwa ubao gani?"

Nyanya ndiye aliyejibu. Alikuwa mzee, lakini bado anachimba, kwa sababu mnyapara alisema mwenye mikono ana mikono. Alinyoosha kiganja akakilaza juu ya ukuta wa handaki, ule udongo mwekundu uliokatwa ukawa laini kama ngozi. "Tumekata ubao huu mwaka mzima," akasema. "Mnaona mwisho wake?"

Yule mama mrefu aliutazama ukuta, akanitazama na mimi. "Basi asome kwa sauti," akasema. "Sitamchimbia bubu. Nikichoka nataka kusikia kitu."

Ndivyo ilivyoanza. Kila mmoja aliongeza kidogo upande wake mpaka kipimo changu kikaisha. Mimi nilijaza udongo kwenye viondo, kazi hiyo sikusamehewa, na kila mnyapara alipokuwa mbali nilisimama katikati ya mstari na karatasi zangu kumi na mbili. Watoto wadogo waliofuata mama zao waliandika a, e, i, o, u ukutani kwa vijiti. Mvua ikinyesha zinafutika. Kesho wanaandika tena.

Siku ya kwanza nilisoma jina lake, na alipozaliwa.

"Nyumba yao ilikuwa ya magogo," nikasoma.

"Magogo matupu?" akauliza yule mama mrefu.

"Na udongo katikati ya magogo."

"Basi ni kama zetu. Zile zilizochomwa."

Nikasoma kwamba alikuwa mtoto wa mkulima, alitembea kwenda shule bila viatu, alisoma kwa mwanga wa moto wa jikoni. Alimaliza shule zote zilizokuwepo, akaitwa awe rais wa chuo kikuu.

"Chuo kikuu ni nini?"

"Ni shule ya watu waliomaliza shule zote."

"Wamemaliza halafu wanasoma nini tena?" Wakacheka mstari mzima. "Hao wanakwepa kulima!"

Nyanya hakucheka. Alikuwa na swali lake. Alitaka kujua huyo mtu ni wa rika gani.

Kwetu mtu hajulikani mpaka ujulikane ni wa rika gani, yaani alitahiriwa na akina nani. Ukishajua rika lake ndipo unajua umsalimie vipi, umtanie au umwogope. Kitabu kilitaja mwaka wake wa kuzaliwa. Nikahesabu kwa vidole nikirudi nyuma, kutoka kwangu hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa babu, nikamwambia nyanya ni kama wakati wa baba yake babu.

Nyanya akatua jembe. "Huyo ni wa rika la baba mkwe wangu."

"Nyanya, ni Mzungu," nikasema.

"Nimekuuliza rangi? Alizaliwa au hakuzaliwa?"

"Alizaliwa."

"Basi ana rika."

Na mwanamke wa kwetu hataji jina la baba mkwe wake, wala la mtu wa rika lake. Anamheshimu kwa kulizunguka. Nyanya akasema tangu saa ile, katika mstari anaochimba yeye, jina hilo halitasemwa. Wengine walikuwa wakwe wa koo nyingine, haikuwahusu, na mimi nilikuwa msichana tu sijaolewa. Lakini nyanya ndiye aliyekuwa mkubwa handakini. Tukakubali. Yule mama mrefu aliuliza sasa tumwiteje. Jina tulilipata siku ya tatu.

Siku hiyo nilisoma kwamba chuo chake kilikuwa kilima kitupu chenye chumba kimoja na wanafunzi wachache. Hakukuwa na mafundi. Yule rais akavua koti, akakunja suruali, akaingia kwenye shimo la udongo na kuukanyaga kwa miguu pamoja na wanafunzi wake. Wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajenga wenyewe.

Wote wakasimamisha majembe. Kwetu kukanyaga udongo wa kukandika nyumba ni kazi ya wanawake.

"Mwanamume mzima?" akauliza mmoja.

"Mwenye ndevu," nikasema. Picha ilikuwepo, ndevu zimefika kifuani. Wakapokezana karatasi kwa vidole vyenye matope mpaka nikaogopa itachanika.

"Mke wake alisema nini?"

Kitabu kilimtaja mke mara moja, kwamba alikuwa mvumilivu. Nikawasomea.

Nyanya akasema, "Udongo haukanyagwi mkavu. Maji aliteka nani?"

Kitabu hakikusema. Lakini tangu siku hiyo tukamwita Mzee wa Matofali, na yule mama mrefu kila alipochoka alipiga kelele, "Haya, vueni makoti, Mzee wa Matofali anawaangalia!" Na hakuna aliyekuwa na koti.

Mnyapara alitusikia. Alikuja akasimama juu ya ukingo, kivuli chake kikatuangukia.

"Nani anahutubia hapo?"

"Anatusomea habari za mtu," nyanya akamwambia bila kuinua uso.

"Mtu gani?"

"Mkubwa aliyeshika udongo kwa mikono yake. Kama hujawahi kumwona, shuka, utamsikia."

Wanawake waliinamisha vichwa wasicheke. Mnyapara alitazama vipimo vyetu. Vilikuwa vimeisha vyote, hata changu. Alikosa pa kuanzia. Akasema nisipaze sauti, akaenda zake. Nyanya alijua tangu mwanzo kwamba hatuwezi kuguswa mradi tumemaliza kazi, na ndiyo sababu kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuinua jembe.

Karatasi ya saba ndiyo iliyochakaa kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyoombwa zaidi. Chuo kiliungua. Usiku mmoja wa baridi kali kila kitu kikawa majivu, vitabu, meza, paa. Asubuhi yake yule mzee akapiga kengele saa ile ile ya kila siku. Wanafunzi wakaja wakidhani wanaitwa kuagwa. Akawaongoza mpaka kwenye zizi la ng'ombe la jirani, akafungua somo pale pale walipoachia jana.

Kila mmoja wetu mle ndani alikuwa ameona nyumba yake ikiungua. Mama yangu, ambaye ukimsikia anasema maneno kumi kwa siku amesema mengi, akaniambia, "Soma hapo tena."

Nikasoma. Akasema, "Tena."

Nikasoma mara tatu. Halafu akatema mate mikononi, akachimba.

Kuna pengine palipotusimamisha. Karatasi ya tisa ilisema chuo kilipokua, serikali ilikipa ardhi kubwa, mabonde na vilima. Nilisoma haraka, nilitaka kufika pale alipofungulia wasichana mlango na wazee wa baraza lake wakataka kumfukuza. Yule mama mrefu akanishika mkono.

"Serikali iliitoa wapi hiyo ardhi?"

Nikatazama. "Haijaandikwa."

"Ilikuwa tupu?"

"Haijaandikwa."

Juu yetu kulikuwa na migomba ya watu, ile iliyobaki bila wenyewe, tunaisikia ikipigwa na upepo. Nyanya akasema, "Iweke kichwani. Siku ukikutana na anayejua, muulize." Nikaiweka kichwani.

Na kitu kimoja zaidi nikieleze, kwa sababu kitahitajika. Siku moja, nikifundisha watoto herufi kubwa, niliandika jina la yule mzee ukutani, kwa kijiti, lote. Nyanya akauliza ni nini. Nikamwambia ukweli. Nilidhani atanipiga. Akasogea, akaangalia michoro ile ambayo yeye haikumwambia chochote, akafikiri. Akasema, "Ukuta hauna mdomo. Liache."

Mwalimu alikuja maharagwe yalipokwisha kupurwa. Alikuwa Mmeru, kutoka upande wa Nkubu, mtu mwembamba aliyevaa kaptura ndefu iliyopigwa pasi ikawa na makali. Alikaa kwenye kibanda cha udongo tulichotumia kama kanisa, meza mbele yake, homgadi mlangoni na bunduki. Mama na nyanya walibaki nje pamoja na wazazi wengine, wanaona ndani kupitia mlango. Tulikuwa watoto wengi. Aliyeshindwa aliambiwa "Haya, nenda," na ukimwangalia anavyotoka unajua kesho atakuwa wapi.

Zamu yangu ilipofika aliniuliza nina kitabu. Nikampa karatasi zangu. Akazinusa kwanza, zilinuka udongo na maharagwe. Akachagua ukurasa, nikasoma. Akachagua mwingine, nikasoma. Nilisoma vizuri, nasema bila haya. Hapo akazichukua karatasi, akazigeuza chini.

"Sasa nieleze kwa maneno yako huyu alikuwa nani."

Nikaeleza. Magogo, viatu, matofali, moto, zizi, wasichana. Nilieleza mpaka alivyokufa mzee, na wanafunzi wake wa zamani wakaja kutoka mbali, kila mmoja na tofali mkononi, wakamjengea ukuta mfupi kaburini.

"Vizuri. Jina lake?"

Nikageuza macho mlangoni, nyanya alipokuwa.

"Jina lake nani?"

Nikatazama chini.

"Msichana, umesoma maisha ya mtu karatasi kumi na mbili, na hujui jina lake?" Akatikisa kichwa. "Umekariri. Kuna mtu alikusomea, wewe ukashika kwa masikio. Nimewaona wengi." Akainua kalamu.

Wajukuu wangu nikifika hapa hunipigia kelele: si ungesema tu! Nyanya alikuwa nje, masikio yake yalikuwa mazito, asingesikia. Najua. Nilijua hata siku ile. Lakini wanawake kumi na mmoja walikuwa wamelishika jambo hilo kwa vinywa vyao miezi miwili, hata yule mwenye ulimi mkali ambaye halikumhusu, na walikuwa wamelishika huku wakichimba sehemu yangu. Ningelitupa siku ya kwanza ambayo lilinigharimu? Ningewatazamaje kesho?

"Mwalimu," nikasema, "ngoja."

Nikachuchumaa. Sakafu ya kibanda ilikuwa ya udongo, imefagiliwa. Nikaandika kwa kidole, herufi kubwa, jina la kwanza, la katikati na la ukoo, kama nilivyoliandika ukutani mara nyingi. Nikasimama nikajipangusa.

Mwalimu aliinuka kutoka mezani. Akainama, akasoma sakafu, akachukua karatasi akalinganisha. Akafungua mdomo alisome kwa sauti.

"Usilitaje, mwalimu," nikasema. "Nyanya yuko pale nje."

"Nyanya amefanya nini?"

"Ni wa rika la baba mkwe wake."

Akanitazama, akamtazama yule bibi mzee mlangoni aliyeegemea jembe, akanitazama tena. Halafu akacheka, akacheka mpaka homgadi akageuka kuona kuna nini. "Mzungu! Amerika! Katika rika la wazee wenu! Nani alimtia humo?"

"Nyanya."

"Alitahiriwa wapi? Huku kwenu Embu?" Wameru hawakosi nafasi ya kututania. Lakini aliijua heshima aliyokuwa anaicheka, kwa sababu alipomaliza kucheka alifuta lile jina kwa soli ya kiatu chake mwenyewe, taratibu, mpaka likaisha.

Akaketi. "Kuna kitu hukuelewa katika kitabu hiki?"

Nikakumbuka niliyoiweka kichwani. "Serikali ilitoa wapi ile ardhi ambayo chuo kilipewa?"

Homgadi alikuwa bado ametugeukia. Mwalimu alipanga karatasi zangu, akazisawazisha kingo, akanirudishia. "Swali hilo," akasema kwa sauti ya chini, "utaliuliza ukifika darasa la nane."

Kisha akatoka nje mwenyewe, akamwamkia nyanya kwa heshima, akamwambia kwa sauti ya kumfikia, "Nyanya, mkwe wako huyo wa Amerika, mbuzi wa mahari yako alipochinjwa, yeye alikula mguu gani?"

"Muulize yeye," nyanya akasema. "Mimi najua alifanya kazi. Msichana je?"

"Aje Jumatatu. Aje na sahani yake, na jembe."

Mama alirudia lile neno. "Na jembe?"

"Shule ina shamba, mama."

Mama yangu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baba achukuliwe.

Nilisoma darasa la nne. Jumamosi nilirudi handakini kuchimba vipimo vyangu na kuwafundisha wa mstari wetu nilichofundishwa wiki hiyo, na mtoto wa yule mama mrefu akajua kusoma kabla handaki halijaisha. Mwaka uliofuata baba alirudi kutoka kizuizini, kifua kimeharibika, hawezi kuinua jembe. Kati ya watoto wa mama mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nikaacha shule nikalima. Sikufika darasa la nane, na swali langu sikuliuliza.

Lakini vitu vingine nilivifanya. Tuliporudi kwenye mashamba yetu na vijiji vikavunjwa, tuliobaki wa ule mstari tulishuka mtoni, tukachimba shimo, tukakanyaga udongo. Kila tofali la kile chumba cha ngumbaro, pale wazee walipojifunza kusoma, lilipita chini ya miguu yetu. Nimefundisha humo miaka mingi bila cheti. Upepo ulipoezua paa la mabati, asubuhi yake niliwapeleka wanafunzi wangu, wengine wakinizidi umri, kwenye banda langu la mbuzi. Walinung'unika kuhusu harufu. Niliwaambia wafungue ukurasa wa jana.

Mwezi uliopita yule mjukuu anayeuliza alikuja na simu yake. Yeye yuko chuo kikuu, mwaka wa tatu. Nilikuwa nimemwandikia lile jina kwenye karatasi miaka iliyopita, na sasa alikuwa amemtafuta akampata, na picha ile ile ya ndevu. Akasoma jina kwa sauti jikoni kwangu. Yeye hakatazwi, hakuwa handakini. Lakini sufuria nusura inidondoke.

"Cucu," akasema, kwetu ndiyo nyanya, "nimepata na jibu la swali lako. La ile ardhi."

"Haya."

"Ilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa huko. Walihamishwa kwa nguvu, wengine wakafa njiani. Halafu ikagawiwa vyuo. Na huyu mzee wako alijua, kuna barua yake. Alishukuru, akaichukua." Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeleta habari ya msiba. "Sasa utaacha kutuambia habari zake?"

Nikapunguza moto. Nikawaza yule mama mrefu, alivyonishika mkono. Alijua bila kusoma.

"Kwetu," nikamwambia, "mtu wa rika akikosa hafukuzwi rikani. Anaitwa mbele ya wenzake, anaambiwa kosa lake machoni, na anatozwa. Akiambiwa hatoki pale mpaka asikie lote."

"Amekufa, cucu. Utamtozaje?"

"Nitamsema. Kila nitakaposema matofali, nitasema na ardhi. Hiyo ndiyo faini yake, na atailipa muda wote nitakaokuwa na mdomo. Wewe ukishika zamu yako, utasema zote mbili. Ukisema moja tu nitakusikia."

Akaandika kitu kwenye simu yake. Nikamwambia aiweke chini, achukue ndoo akateke maji. Ukuta wa jikoni ulikuwa umepasuka kwa jua la mwezi wa pili, na udongo ulikuwa tayari umelundikwa nje, bado mkavu.